Tumbo la Aliyesimama Nyuma Yake

Nitalisema mapema ili mtu asisome akitafuta mwisho. Mama mmoja wa Namoruputh, mwenye mtoto wa kunyonya, alilazwa Lodwar akingoja kupasuliwa tumbo ambalo halikuwa na kitu. Kosa lilifanywa Kakuma, ofisini kwetu, kwa kidole kimoja. Majina ya watu sitayaandika. Lakini nitawataja kwa kazi zao, kwa sababu kazi hizo waliziomba wenyewe na mishahara yake waliila. Na mimi nimo.

Nilisoma mpaka darasa la nne, halafu ugonjwa ukanitoa. Kwetu mbwa na mtoto wanalala pamoja, wanakula pamoja, mbwa ndiye anamlamba mtoto akijichafua. Ndani ya mbwa kuna mnyoo. Yai lake likimwingia mtu, ini linaanza kufuga puto la maji. Linakua polepole, miaka na miaka, mpaka mtu anaonekana mjamzito hata kama ni mwanaume. Likipasuka humo ndani, mtu anaweza kufa kabla chai aliyopewa haijapoa. Mimi nimepasuliwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa msichana, mara ya pili nilikuwa nimeshazaa. Mpaka leo nikisikia harufu ya spiriti natafuta ukuta.

Kwa sababu ya kovu hilo shirika likaniajiri. Lilikuwa shirika dogo, ofisi yake Kakuma karibu na kambi, na kliniki yake Lodwar, ambako madaktari wa upasuaji walikuja kwa wiki moja moja kisha wakaondoka. Mashine ya kupiga picha ya tumbo ilikuwa moja tu, nayo ilikaa Kakuma. Tulizunguka nayo kwa gari. Kazi yangu ilikuwa mlangoni. Naandika jina, natafsiri Kiturkana, na mtu akiogopa kitanda naonyesha kovu langu, namwambia mimi hapa sijafa.

Kazi ilipangwa hivi. Mimi naandika majina kwenye karatasi kwa mpangilio wa foleni. Mpimaji ndani anapiga picha moja kwa kila mtu, na mashine yenyewe inaipa picha namba, moja, mbili, tatu, mpaka ya mwisho. Mpimaji alitakiwa kuandika jina ndani ya mashine kabla ya kupiga. Hakuandika hata siku moja. Alisema majina yetu ni marefu, vidole vyake vimechoka, na karatasi yangu inatosha. Huyo ni mkosaji wa kwanza.

Siku ya Namoruputh, mwaka 2013, mvua ilikuwa imepita na watu walikuwa wengi. Tulipewa darasa moja la shule. Niliandika majina yote asubuhi, kwa kalamu, kabla ya mtu yeyote kuingia, ili wazee wakae kivulini. Jina la tisa lilikuwa la mama mmoja mzee. La kumi lilikuwa la mkwe wake, aliyemwoa binti yake.

Mama mzee akalala, akapimwa, akatoka akijifuta yale mafuta ya baridi wanayopaka tumboni. Nikamwita mkwe. Akafika mlangoni, akaona kitanda. Kilikuwa bado na umbo la mgongo wa mama mkwe wake, mafuta yanang'aa juu ya mpira. Akarudi nyuma kama amekanyaga mwiba. Sikumuuliza. Mwanaume hawezi kulaza mwili wake uchi palipolala mama wa mke wake, pangali na joto, halafu jioni akale nyumbani kwake. Mpimaji, ambaye alitoka Kenya, kama sisi tunavyoziita sehemu zote zilizo chini ya Kapenguria, akapiga kelele huko ndani kwamba jua halimngojei mtu. Nikamwingiza aliyefuata, mama mjamzito. Mkwe akaenda kukaa ukutani kwa nyuma. Akangoja watu wote waishe, akapimwa wa mwisho kabisa.

Karatasi sikuibadilisha. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuibadilisha. Mwezi mmoja nyuma, madam mkubwa wa ofisi alinisimamisha mbele ya wenzangu kwa sababu nilikuwa nimekata jina na kuliandika chini. Aliniambia karatasi iliyofutwafutwa ni karatasi ya uongo, na kwamba watu wa darasa la nne ndivyo walivyo. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiogopa kalamu yangu mwenyewe.

Yule mama mjamzito mimba yake ilikuwa kubwa, imepanda juu. Mpimaji alipoweka chuma chake cha kupigia picha juu ya ini, kichwa cha mtoto kikaonekana pembeni ya kioo, cheupe, mviringo. Alinionyesha, nikamtafsiria mama, naye akawaambia walioko mlangoni, wanawake wakapiga vigelegele. Ilikuwa siku nzuri. Nasema hivyo kwa sababu ilikuwa.

Katikati ya foleni kulikuwa na yule mama mwenye mtoto wa kunyonya, na nyuma yake shemeji yake, mdogo wa mumewe, mchunga ngamia. Yule mwanaume alikuwa ameshika ubavu wa kulia kwa mkono wake wote. Alikuwa anapumua juu juu. Aliomba apite mbele.

"Mwanaume mzima unashindana na mtoto kwenye foleni," mama akamwambia, na watu wakacheka.

"Mtoto wako atanyonya tu hata nikitangulia," akajibu.

"Basi na wewe nyonya, ungoje."

Akangoja. Mama akaingia, kisha yeye. Nawakumbuka vizuri hivyo kwa sababu ya kicheko hicho.

Tuliporudi Kakuma, bwana wa kompyuta alizimwaga picha kutoka mashine kwenye draivu ya pamoja. Kwa wasiojua: ni kama kabati moja lenye milango miwili, mmoja Kakuma, mmoja Lodwar. Ukiweka kitu huku, wa kule anakiona. Daktari wa Lodwar alifungua picha kwa jina la mtu, akaandika majibu. Kwa hiyo lazima zile namba zigeuzwe kuwa majina. Zamani aliyekuwa na kazi hiyo alibadilisha jina moja moja, akiniuliza, na tulimaliza kwa siku mbili. Huyu mpya hakuwa na siku mbili. Madam alitaka ripoti Ijumaa.

Alipiga majina ya karatasi yangu kwenye kompyuta, yakajipanga kutoka juu mpaka chini. Akahesabu picha, akahesabu majina, hesabu ikakubali. Akaniita nione.

"Mathe, cheki vile mashine inafanya kazi ya wiki," akasema.

Akabonyeza. Zile namba zote zikageuka majina kwa pamoja, kama nzi wanavyoruka kwenye nyama ukipunga mkono. Nikamuuliza namba zimeenda wapi. Akasema hazina kazi tena. Nikamuuliza tena, kama tukizitaka? Akacheka, akaniambia nisiwe mshamba.

Mkwe alinijia akilini, pale pale nikiwa nimesimama nyuma ya kiti. Nilimwona ameegemea ukuta. Lakini nilidhani mashine inajua tumbo la nani ni la nani. Nilidhani mtu akipigwa picha, picha inabaki na mwenyewe ndani yake, hata jina likikosewa litajitafutia njia. Huo ndio ujinga wangu, na siufichi. Nikanyamaza, nikaenda kuosha vikombe.

Majibu yalikuja baada ya siku chache. Mimi nilipewa kipande cha karatasi chenye majina manne ya watu wa kupeleka Lodwar kupasuliwa, na nikaambiwa wengine wote wa Namoruputh ni wazima. Mmoja wa hao wanne alikuwa yule mama mwenye mtoto. Walikuwa wameandika ana puto kubwa kuliko kichwa cha mtoto.

Tulimkuta anakamua mbuzi. Alikataa. Alisema haumwi popote, anakula, analala, analisha mtoto, puto gani hilo lisilouma? Mume wake hakuwepo. Dereva alikuwa anaangalia saa. Nikamwambia langu pia halikuuma mwanzoni, ambayo ni kweli. Nikainua nguo, nikamwonyesha kovu kutoka kifuani mpaka kitovuni. Alilishika kwa kidole, akatembeza kidole mpaka mwisho. Halafu akamfunga mtoto mgongoni akapanda gari. Hakuna mtu mwingine ambaye angemtoa pale. Ni mimi niliyemtoa.

Shemeji yake alikuwepo, ameketi chini, mkono ubavuni. Nilimpa habari njema kwamba yeye hana kitu.

"Haya maumivu ni ya nani basi?" akaniuliza.

Nikamwambia labda ni teke la ngamia. Nikacheka. Dereva naye akacheka.

Tukawaacha wagonjwa kliniki Lodwar na kurudi Kakuma. Kesho yake mchana madam akanipa majibu yote, kurasa kadhaa, niyatoboe na kuyaweka kwenye faili. Huwa sisomi, ni Kiingereza. Lakini kuna maneno machache ya Kiingereza ninayajua kutoka kwenye kadi za kliniki ya akina mama, kwa sababu nimezibeba miaka mingi. Neno la mimba nalijua. Na nililiona limekaa mbele ya jina la mkwe.

Nilifikiri nimekosea mstari. Nikaweka rula. Jina la mkwe, kisha ini safi, kisha mjamzito. Daktari alikuwa ameandika alichokiona, na kwa vile hakuwa mtu wa kwetu, jina halikumwambia kama huyo ni mwanaume. Waliopokea Kakuma hawakusoma, walikuwa wakitafuta wagonjwa tu.

Nikashuka na kidole. Mjamzito ni wa foleni ya kumi na moja. Yuko kwa mtu wa kumi. Basi wa kumi na mbili yuko kwa wa kumi na moja. Nikaendelea kushuka mstari kwa mstari. Kila mtu tangu pale alikuwa amepewa tumbo la aliyesimama nyuma yake. Wale wengine watatu wa kupasuliwa walikuwa juu ya mkwe, picha zao zilikuwa zao. Nikafika kwa mama mwenye mtoto. Nyuma yake alisimama nani? Nilikaa sakafuni, karatasi zikamwagika.

Alikuwa anapasuliwa kesho asubuhi.

Nilikwenda kwa bwana wa kompyuta nikamwomba afungue picha ya mkwe. Akafungua. Kichwa cha mtoto kilikuwa pembeni pale pale. Mwanzoni alicheka, akasema huyu mzee amefanya maajabu. Kisha nikamweleza kitanda, mafuta, mama mkwe, ukuta. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Akajaribu kurudisha zile namba. Alibonyeza, akabonyeza. Kompyuta ilikuwa imezimwa na kuwashwa mara nyingi tangu siku ile, na mashine ya picha yeye mwenyewe alikuwa ameshaifuta ili ipate nafasi. Ndipo akanigeukia.

"Wewe ndiye ulikuwa mlangoni," akasema. "Mimi nimefuata karatasi yako."

Alisema polepole, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu nguo aone kama inamtosha. Nikajua tayari ameshaanza kupanga maneno ya ripoti. Huyo ni wa pili. Lakini karatasi ilikuwa yangu kweli, na hilo ndilo lilinitisha zaidi. Mama akifa chini ya kisu, mwandiko utakaoonyeshwa ni wangu.

Madam alitusikiliza amesimama. Aliuliza nani mwingine anajua. Akasema wale ni madaktari, hawapasui mtu kama punda, wataangalia wenyewe kwanza. Nikamuuliza wataangalia na nini, mashine si iko hapa chumba cha pili? Wataangalia ile ile picha. Akaniambia nipunguze sauti. Alisema wafadhili wanakuja mwezi ujao. Alisema ataandika barua pepe. Akaandika, nilimwona, mistari miwili, na ndani yake hakukuwa na neno kosa. Gari, akasema, halitoki bila ulinzi, na ulinzi ni kesho. Hilo la barabara lilikuwa kweli, watu walikuwa wakipigwa risasi huko. Lakini simu? Nilimwomba apige simu. Alisema daktari mkuu hapendi kusumbuliwa. Huyo ni wa tatu, na kwangu ndiye mkubwa wao.

Nilipiga mwenyewe kwa namba ya kliniki. Nesi alinisikiliza kidogo, akaniuliza cheo changu. Nikamwambia. Akasema sawa mama, tumesikia, na simu ikakatika.

Sikulala vizuri, na sitaeleza zaidi ya hapo. Nilijiona juu ya ile meza yao. Mara ya pili waliponipasua niliamka mapema kabla ya kushonwa, na sauti ninayoikumbuka si yangu, ni ya vyuma vikiwekwa kwenye sahani. Nilimpelekea yule mwanamke sauti hiyo. Nilimpelekea kwa kuinua nguo yangu.

Kulipokucha nikakumbuka kitu kimoja ambacho kila mtu aliyepasuliwa anakijua kuliko daktari. Mtu aliyekula hapasuliwi. Wanaogopa atatapika akiwa amelala, apaliwe. Nina binti wa mama yangu mdogo, alikuwa anauza chai na mandazi langoni kwa ile kliniki. Nikampigia akiwa anawasha moto.

"Ingia ndani kwa yule mama wa Namoruputh mwenye mtoto," nikamwambia. "Mpe chai ya maziwa na mandazi, ale mpaka ashibe."

"Dada, wamesema asile kitu."

"Ndiyo maana nakwambia ale."

"Na mimi wakinifukuza langoni?"

Nikamwambia watamfukuza, ndiyo. Nikamwambia mwanamke huyo hana kitu tumboni na nitamweleza baadaye. Nikasikia kuni zikipasuka. Halafu akaniuliza kama yule mama anapenda sukari.

Nilikaa na simu mkononi. Sikunawa uso, sikunywa maji. Ikaita kabla jua halijapanda. Amekula mandazi matatu, akasema. Mtoto naye amepata kipande. Nesi amemkuta na kikombe mdomoni, ameita daktari, daktari ametukana kwa lugha yake, wamemwondoa kwenye orodha ya leo. Na yeye binti wa mama mdogo amebeba sufuria zake, yuko ng'ambo ya barabara.

Ulinzi ulipopatikana nilipanda gari bila kumuuliza mtu. Mpimaji naye alipanda na mashine yake. Hilo nitampa: madam alikuwa amemkataza, naye akaibeba. Lodwar tulikuta daktari wa upasuaji ana hasira, anataka kujua ni nani amewalisha wagonjwa wake. Nikamwambia ni mimi. Aliniangalia kovu linalotokeza kwenye shingo ya nguo, akatuonyesha chumba cha kupimia.

Mama akalazwa, akapakwa mafuta. Mtoto alikuwa mikononi mwangu anavuta shanga zangu. Mpimaji alipitisha chuma mara moja, mara mbili, akabonyeza ubavuni mpaka mama akalalamika. Ini lilikuwa safi kabisa. Daktari akaangalia, akachukua chuma mwenyewe, akaangalia tena. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

Nilimwambia mama, kwa lugha yetu, kwamba hana kitu, kwamba tumekosea. Sikuomba msamaha, sikujua pa kuanzia. Alikaa kitandani akajifuta. Hakulia, hakunitukana.

"Ni la nani?" akauliza.

Nikamwambia ni la aliyesimama nyuma yake. Akafikiri kidogo tu. Kisha akasimama na kunipokonya mtoto. Akasema shemeji yake amepanga kuhamisha ngamia kwenda upande wa Uganda, na kama gari letu lina mafuta tuondoke sasa.

Tulimpata jioni hiyo hiyo kwenye kisima, ngamia wameshafungwa mizigo. Alikataa kupanda. Alituambia sisi wenyewe tulisema yeye ni mzima, na yeye mzima anakwenda zake. Mimi alinigeuzia mgongo. Yule mama alimwendea karibu, akaweka kiganja juu ya ule mkono wake wa ubavuni, akamwambia kitu ambacho sikukisikia. Ndipo mwanaume akampa mtu mwingine kamba ya ngamia.

Njia ya kurudi Lodwar ina makorongo. Nilikaa nyuma naye. Kila gari liliporuka nilimwangalia tumbo, kwa sababu najua puto hilo linavyopasuka na kwamba mtikiso mmoja unatosha. Dereva ambaye alicheka ile siku ya teke la ngamia sasa aliendesha kama amebeba mayai, na watu waliotembea kwa miguu walitupita. Mwanaume hakuniangalia. Mara moja tu aliniuliza kama kupasuliwa kunauma, nikamwambia ndiyo, kunauma, lakini baadaye maumivu yanapungua.

Mpimaji akampima upya, puto likaonekana, na kliniki wakaandika jina lake kwenye karatasi mpya. Nikaomba kalamu ya wino mzito, nikaliandika na mimi kwenye mkono wake, juu ya kiwiko, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, na namba ya picha yake chini. Nesi akasema huo si utaratibu wao. Nikakaa chini kando ya kitanda mpaka walipokuja kumchukua asubuhi, nikawaonyesha mkono, nikawasomea kwa sauti, na nikawataka na wao wasome.

Alitoka hai. Barua ya kunifuta kazi iliandikwa na madam wiki hiyo, na ndani yake kosa linaitwa uzembe wa mtu wa mlangoni.